Mapindo ya Kinyozi Chamnong

Ukienda kwa kinyozi Chamnong huna haraka, alikunyoa vizuri. Ukienda na haraka alikunyoa vizuri vilevile, ila ulichelewa huko ulikokuwa unakwenda, kwa sababu katikati ya kichwa chako aliweza kusimama ghafla, mkasi hewani, akaenda rafuni, akashusha kijisanduku cha plastiki kilichojaa udongo mweusi, akakigeuzageuza kwenye mwanga, akakirudisha na kusema, "Bado." Wateja wake wa mji wa Ongkharak walikwisha kumzoea. Mgeni ndiye aliyeuliza, "Bado nini?" na mgeni huyo alijuta, maana jibu lilikuwa refu kuliko nywele zake.

Duka lilikuwa ukingoni mwa mfereji, chumba kimoja chenye viti viwili vya kuzunguka. Kimoja kilikuwa cha kazi. Cha pili kilikuwa cha Sawaeng, muuza tiketi za bahati nasibu, aliyefika kila asubuhi na trei yake ya tiketi shingoni, akakaa, akafungua gazeti la dukani na kusahau kwamba alitoka nyumbani kwenda kuuza. Nyuma ya duka ndiko alikoishi Chamnong na mkewe Lamduan, aliyepika vikeki vya tui kwa mvuke katika vikombe vidogo na kuviuza sokoni kabla jua halijakaza.

Pale Ongkharak kila mtu ana mmea wa kuuza. Barabara nzima ni vitalu, na Chamnong alipita katikati ya vitalu hivyo ujana wake wote bila kugeuza shingo. Ugonjwa ulimwanza ukubwani. Mteja mmoja mwenye kitalu alimletea zawadi ya kangaga lililofungwa kwenye kipande cha ubao, lile ambalo majani yake yamegawanyika kama pembe za kulungu na kuning'inia kama pindo la nguo, ndiyo maana watu wa pale huliita pindo. Halitaki udongo, linashika mti au ubao na kuishi kwa ukungu na mvua. Chamnong alilipenda kiasi, kama mtu anavyopenda kalenda mpya. Lakini yule mteja aligeuza jani moja na kumwonyesha upande wa chini, karibu na ncha, baka la kahawia laini kama mahameli.

"Hilo ni vumbi tupu," alimwambia. "Kila chembe ya vumbi hilo inaweza kuwa pindo zima. Na hakuna mawili yatakayofanana, hata yawe ya mama mmoja."

Maneno hayo yalimwingia Chamnong mahali pabaya. Huyu alikuwa mtu aliyefagia nywele za watu maisha yake yote na kuzitupa, na hata unywele mmoja haukuwahi kuota. Sasa anaambiwa kuna vumbi linaloota. Usingizi ulimpaa.

Sanduku lake la kwanza liliota kuvu jeupe, refu, lenye afya. La pili liliota ukoga wa kijani, ule wa kwenye kuta za visima, na kwa kuwa hakujua tofauti aliulea ukoga ule kwa mapenzi makubwa, akaunyunyizia maji, akauwekea taa, akaualika mtaa mzima kuja kuutazama. La tatu lilitoa vijidudu vyeusi vilivyoruka na kuingia kwenye povu la kunyolea ndevu. Sawaeng hakupoteza kitu. Alikuwa akikodolea macho kuvu lile na kusoma namba.

"Hapa naona saba," aliwaambia wateja. "Na hii pembeni ni tisa, imelala."

"Hiyo ni mbili," mteja mmoja alimpinga.

"Basi chukua tiketi zote mbili, yenye tisa na yenye mbili. Usije ukalia baadaye."

Hakuna aliyeshinda, lakini mwezi ule Sawaeng aliuza kuliko mwezi wowote mwingine, na tangu hapo akawa ndiye anayemtia moyo Chamnong asikate tamaa.

Lamduan naye alivumilia hadi siku ya sufuria. Chamnong alikuwa amesikia kwamba udongo lazima uchemshwe kwa mvuke ili kila kijidudu kilichomo kife kwanza, na sufuria nzuri ya mvuke mjini ilikuwa moja tu. Mkewe alipokwenda kuoga aliitumia, akaiosha, akairudisha mahali pake, akajifanya hamnazo. Kesho yake Lamduan alirudi kutoka sokoni mapema, na trei bado imejaa. Akamwekea mumewe kikeki kimoja mbele.

"Kula, Baba Oi."

Chamnong akala. Akatafuna polepole.

"Kina ladha gani?"

"Kitamu," alisema Chamnong. "Kina... kama harufu ya mvua ya kwanza."

"Bibi mmoja kaniambia kina harufu ya kaburi. Mteja wangu wa tangu sijaolewa. Kaniuliza kama nyumbani kuna msiba." Lamduan akajifunga kitambaa kiunoni. "Sasa sikiliza. Hayo masanduku yako yatoke jikoni kwangu leo hii. Yakae huko dukani na wanaume wenzako. Na sufuria ukiigusa tena, mimi ndiye nitakayekunyoa."

Ndivyo masanduku yalivyohamia rafuni, chini ya kioo, kati ya kopo la poda na birika la maji moto. Chamnong akajinunulia sufuria yake. Na polepole, kwa kukosea kila kinachokosewa, akajifunza: udongo uchemke kisha upoe kabisa, mikono iwe safi, vumbi linyunyizwe kidogo kama chumvi ya mtu mwenye presha, kisha sanduku lizibwe kwa karatasi ya nailoni, na mwenye sanduku akae mbali. Hili la mwisho ndilo lililomshinda muda mrefu. Lakini hatimaye yaliota mapindo ya kweli, ya kawaida kabisa, yale yanayouzwa barabarani kama mchicha. Chamnong aliyagawa kwa kila kichwa kilichokaa kitini pake, kitake kisitake.

Sasa alitaka vumbi la maana. Na vumbi la maana lilikuwa kwa Mzee Thawin.

Mzee Thawin alikuwa na duka la vifaa vya kutolea sadaka kwa watawa, zile ndoo za manjano zenye sabuni, mishumaa na mikebe ya samaki. Alikuwa mjane, mtu msafi, mwenye maneno machache, na nyuma ya nyumba yake chini ya wavu wa kivuli alifuga mapindo ya kila aina. Kubwa lao liliitwa Bibi Harusi. Marehemu mkewe ndiye aliyelifunga kwenye shina la mfenesi kwa kipande cha kanga yake kuukuu, nalo likanenepa hadi shina likapotea ndani yake. Majani yake yalikuwa na manyoya ya fedha, membamba, yamegawanyika mara nyingi hata kufika chini. Watu walitoka Bangkok kuja kulipiga picha. Picha Mzee Thawin aliruhusu. Vumbi hakumpa mtu.

Chamnong alimwomba kwa kila njia ambayo kinyozi anaweza kumwomba mtu aliyemwekea wembe shingoni.

"Kaka Thawin, Bibi Harusi hajambo?"

"Hajambo."

"Nasikia jani likizeeka hukatwa."

"Hukatwa."

"Na vumbi lake linakwendaga wapi, kaka?"

"Kwenye friji."

"Friji limejaa sasa, bila shaka."

"Nafasi ipo," alisema Mzee Thawin, akafumba macho. "Niangalie hapo kwenye kidevu, jana ulisahau unywele."

Sawaeng alicheka nyuma ya gazeti hadi gazeti likatetemeka.

Basi siku moja ya Jumanne jioni, Chamnong akijiandaa kufunga kwa kuwa kwa mila ya pale Jumatano vinyozi hawanyoi, Mzee Thawin aliingia kwa haraka isiyo ya kawaida yake. Mpwa wake alikuwa anaingia utawani kesho yake na yeye alikuwa amesahau kabisa nywele zake. Alikuwa ametoka moja kwa moja wavuni. Akaketi. Chamnong akashika shuka la kumfunika, akamtazama kwenye kioo, na hakumfunika.

Mzee Thawin alikuwa na nywele nyeupe pe. Jioni ile zilikuwa za kahawia. Kahawia laini, iliyotulia juu ya kichwa chote kama unga wa mdalasini, ikashuka kwenye nyusi, kwenye kola, kwenye masikio. Alikuwa ameshinda siku nzima chini ya Bibi Harusi akikata majani yaliyoiva, na Bibi Harusi alikuwa amemmwagia baraka zake zote.

Chamnong alilirudisha shuka la bluu kabatini. Akatoa jeupe, jipya, la wageni wa heshima. Kisha akaenda akazima feni.

"Joto," alisema Mzee Thawin.

"Feni inaleta mafua, kaka. Kesho una shughuli."

Hajawahi kumchana mtu vile. Alichukua chanuo lenye meno ya karibu karibu na kuanza kisogoni, unywele kwa unywele, akikung'uta kila mara juu ya shuka. Alichana nyusi. Alimpiga brashi kwenye kola, ndani na nje. Alimsafisha masikio kwa kijiti cha pamba, na kijiti hakukitupa, alikiweka mfukoni. Mzee Thawin, ambaye tangu afiwe hakuna aliyemshika kichwa kwa upole namna ile, alilala usingizi akakoroma.

Sawaeng alikuwa ameshusha gazeti. Alimtazama Chamnong, akatazama shuka, akatazama masanduku rafuni, na uso wake ukaanza kukunjuka polepole.

"Fundi," alinong'ona, "wewe si mtu mzuri."

"Nipe ukurasa mmoja wa gazeti," Chamnong alinong'ona naye. "Ule usioupenda."

Shuka lilikunjwa kama inavyokunjwa sanda. Mzee Thawin aliamka, akajitazama, akakiri kwamba hajawahi kunyolewa vizuri hivi. Chamnong alikataa malipo yake, jambo ambalo lingemshtua mtu yeyote asiyekuwa na haraka.

Jumatano nzima alichuja. Alitumia kitambaa cha kuchujia tui, na kwa kuwa alijifungia chooni kufanya hivyo, Lamduan alibisha hodi.

"Baba Oi, unaumwa?"

"Hapana."

"Kitambaa changu kiko wapi?"

Chamnong akakitazama kitambaa mkononi mwake. Akafungua mlango. Lamduan akaona gazeti, akaona nywele nyeupe zilizokatwakatwa upande mmoja, akaona vumbi la kahawia upande mwingine, na kidogo kidogo, kwa kumbana maswali, akapata hadithi yote. Akakaa kwenye ngazi, akafunika mdomo kwa kiganja, mabega yakimtikisika.

"Kwa hiyo sasa umefika huko," alisema alipoweza kusema. "Umepanda mba wa mtu."

Jina likashika. Sanduku lile liliitwa la mba na nyumba nzima, na binti yao Oi, anayefanya kazi kwenye kliniki ya meno huko Rangsit, kila akipiga simu aliuliza kwanza hali ya mba ndipo akauliza hali ya baba.

Mba uliota. Kwanza ikaja rangi ya kijani, nyembamba kama pumzi kwenye kioo, na Chamnong, aliyewahi kuaibishwa na ukoga, hakusema neno. Kisha rangi ile ikajigawa ikawa vijani vidogo sana vyenye umbo la moyo, vimelaliana kama magamba ya samaki. Hapo akajua. Akavinyunyizia maji kama ukungu, maana katika umri ule maji ndiyo yanayovikutanisha na kuvizalisha, akaziba tena, akasubiri. Mvua zikapita, kiangazi kikapita. Kutoka katika kila moyo kikachomoza kijilimi kimoja chenye manyoya. Vingi vilikufa. Vilivyopona alivihamishia kwenye vikopo, na vingi vya hivyo vikakua vikawa mapindo ya kawaida, maana Mzee Thawin hakukaa chini ya Bibi Harusi peke yake. Kichwa chake kilikuwa kimepita chini ya wavu mzima.

Lakini kimoja kilikuwa kikaidi. Kilikataa kurefuka. Majani yake yalikuwa ya fedha kama ya Bibi Harusi, yakagawanyika sana kama yake, ila badala ya kuning'inia, kila ncha ilipinda kwenda juu na nyuma, kama vidole vya mcheza ngoma wa jukwaani. Chamnong alikifunga kwenye ubao mzuri. Alikitazama asubuhi kabla ya chai. Alikitazama akinyoa, na wateja wawili watatu walitoka na upara mdogo mahali wasipouomba.

Tatizo ni kwamba hakuweza kumwonyesha mtu yeyote mwenye akili. Kila Mzee Thawin alipokuja kunyolewa, pindo lile lilikimbizwa chooni. Furaha ya mwenye pindo ni kusifiwa, na yeye alikuwa amejinyima sifa yote kwa kosa la kuchana nywele. Akawa anasema peke yake. Akawa anamnyoa Mzee Thawin bila kumtazama machoni, kazi ngumu kwa kinyozi.

Siku moja Mzee Thawin alikuja bila desturi, adhuhuri, siku ya Ijumaa. Sawaeng, aliyekuwa mlangoni akila ndizi ya kuchoma, alimwona anavuka daraja.

"Fundi. Mwenye kichwa anakuja."

Pindo lilikuwa limeegemezwa kwenye kiti cha pili, likipata mwanga wa dirishani. Choo kilikuwa na mtu. Chamnong akageuka huku, akageuka kule, kisha akalivuta shuka na kulifunika pindo lote pale pale kitini. Akarudi nyuma akatazama. Haikutosha. Akachukua taulo la moto na kulizungushia juu, mahali ambapo mtu angekuwa na uso.

Mzee Thawin akaingia. "Una mteja."

"Huyo? Huyo anapumzika. Karibu, kaka, kaa."

"Yeye alitangulia."

"Hana haraka. Ana... ngozi nyepesi. Taulo lazima likae."

Mzee Thawin akaketi, akafungwa shuka, akapakwa povu. Mtu mwenye adabu, alimwinamia jirani yake kidogo kwa viganja vilivyokutana. Jirani hakujibu. Sawaeng alikuwa ametoka nje na kushika nguzo.

"Ni mtu wa hapa?" Mzee Thawin aliuliza kwa sauti ya chini.

"Wa hapa hapa."

"Mbona mfupi hivyo?"

"Ameinama, kaka. Mgongo."

Mashavu ya Mzee Thawin yalikuwa yamenyolewa upande mmoja tu pale Lamduan alipoingia na sahani ya vikeki, kama alivyozoea Mzee Thawin akija. Alimpa cha kwanza. Akageukia kiti cha pili. Akatazama shuka. Akamtazama mumewe, ambaye alikuwa anamwomba kwa nyusi. Lamduan aliliweka jambo lile kwenye mizani, na inasemekana hakulipima kwa muda mrefu.

"Na huyu mteja hali kikeki?" aliuliza, akavua taulo, akavua shuka.

Feni ikazunguka. Pindo la fedha likakaa kitini limenyoosha vidole vyake vyote, likitoa mvuke kidogo.

Mzee Thawin alivaa miwani yake taratibu juu ya povu. Akainuka, shuka shingoni, akaliendea. Hakuligusa. Alilizunguka, akainama akatazama chini ya majani, akapuliza manyoya yake kwa pumzi ndogo.

"Mama yake huyu namjua," alisema.

Akamgeukia Chamnong.

"Vumbi ulilipata wapi?"

"Kichwani kwako, kaka," alisema Lamduan. "Ile siku ya kuamkia utawa wa mpwa wako. Alikuchana kama maharusi, hukushangaa? Mimi tangu tuoane hajanichana hivyo."

Mzee Thawin aliendelea kulitazama pindo. Kisha alivua shuka, akalikunja vizuri, akaliweka juu ya kiti, akatoka. Walimwona akivuka daraja na povu kwenye shavu moja, wima, bila kukimbia.

"Ungeninyamazia," alisema Chamnong.

"Na wewe ungesema lini? Likizaa wajukuu?" Lamduan akakaa kwenye kiti cha kazi. Hakuwa anacheka tena. "Umekonda, Baba Oi. Unakificha chooni kitu ulichokililia miaka. Hiyo si starehe, ni kesi."

Wiki mbili Mzee Thawin hakuonekana. Kisha Sawaeng akaleta habari kwamba amemwona akitoka kwa yule kijana wa upande wa pili wa mfereji, anayenyoa kwa mashine tupu, na kwamba kisogo chake sasa kinafanana na nazi iliyofuliwa na mtu mwenye hasira. Chamnong aliposikia hivyo aliweka kijiko chini na hakumaliza wali wake. Angeweza kuvumilia kuchukiwa. Lakini kisogo kile alikuwa amekitunza muda mrefu.

Jumatano akavaa shati la kwenda hekaluni, akalipakata pindo lake, akavuka daraja. Alimkuta Mzee Thawin nyuma ya nyumba, ameketi kwenye kigoda chini ya Bibi Harusi.

"Nimelileta, kaka. Ni lako. Nilifanya vibaya."

"Weka hapo."

Aliliweka. Akasubiri kufukuzwa. Mzee Thawin hakumfukuza. Alijikuna kisogo, akakumbuka kilivyo, akaacha.

"Ulilioteshaje?" aliuliza.

"Vile vile tu. Kama kila mtu."

"Vile vile vipi?"

Chamnong alimtazama, na kwa mara ya kwanza akaona kitu ambacho hakuwahi kukiona kwenye kioo cha duka lake. Mzee yule alikuwa na aibu.

"Kaka Thawin. Hilo vumbi la kwenye friji. Huwa unalipanda?"

"Tangu mke wangu Bunruean yuko hai," alisema Mzee Thawin. "Kila mwaka. Nina masanduku huko ndani, usiniambie niyatoe. Halijawahi kuota hata moja. Sasa ningempaje mtu? Likiota kwake, mimi nitaitwa nani? Na Bibi Harusi amezeeka. Nilitaka nione mtoto wake mmoja tu." Akaliashiria pindo kwa kidevu. "Nimemwona. Kwenye kiti cha kinyozi."

Chamnong aliinama akavuta kigoda kingine. "Udongo unauchemsha?"

"Nauchemsha sana. Kisha napanda mara moja, kabla uchafu haujaingia."

"Mara moja lini? Unasubiri upoe?"

"Upoe kwa nini? Ukipoa si unaingiwa na wadudu?"

Chamnong alijitahidi. Mbingu ni shahidi, alijitahidi. Aliuma mdomo wa chini, akatazama juu kwenye wavu, akafikiria mambo ya huzuni. "Kaka," alisema mwishoni, sauti ikimtetemeka, "miaka yote hiyo umekuwa ukiwapika."

Mzee Thawin aligeuka kutazama ndani, yalipo masanduku yake. Kisha bega moja likaruka, na la pili, na mzee ambaye mtaa haukumbuki meno yake yakoje alicheka hadi akavua miwani.

Alirudi kwenye kiti chake kesho yake asubuhi, na Chamnong alikitengeneza kisogo kile kadiri nazi inavyotengenezeka. Lakini msidhani mambo yaliisha kwa amani. Pindo liliposhika na kuzaa machipukizi ilibidi lipewe jina, maana watu wa maonyesho ya mimea walitaka kulionyesha, na hapo ndipo ugomvi wa kweli ulipoanza. Mzee Thawin alisema ni lake kutaja, vumbi lilikuwa kichwani mwake. Chamnong alisema kichwa kilikaa miaka na vumbi lake bila kuotesha kitu. Walibishana dukani, darajani, na ndani ya gari la kukodi siku ya maonyesho, pindo likiwa katikati yao kama mtoto wa wazazi wanaoachana.

"Liiteni Lamduan," alisema Lamduan kutoka kiti cha mbele.

Ubishi ukakatika.

"Kwa nini?" aliuliza Mzee Thawin kwa uangalifu.

"Kichwa chako, shemeji. Chanuo lake. Kitambaa cha tui changu, na nilipata hasara ya vikeki trei nzima. Nani mwingine alipoteza kitu hapa?"

Likaitwa Lamduan. Majaji hawakulipa zawadi. Walisema ni dogo mno na tabia yake bado haijatulia, na Sawaeng aliyarudia maneno hayo kwa Lamduan mwenyewe kwa muda mrefu baadaye, kila alipokuwa mbali na mwiko wake. Lakini watu walijaa mbele ya meza yao kutwa nzima, na Chamnong alipata sifa zote alizokuwa amejinyima, na zaidi.

Siku hizi Jumatano asubuhi ukipita pale mferejini utaukuta mlango wa duka uko wazi nusu, na sauti mbili ndani zinagombana kuhusu udongo. Wiki iliyopita Mzee Thawin alikuja na sanduku lake mwenyewe, alilolipanda kwa mikono yake, udongo umepoa usiku kucha. Alilifunga ndani ya taulo, akalibeba kifuani hatua kwa hatua hadi mezani kwa Chamnong.

"Kuna kijani," alisema. "Niambie kweli. Ni yenyewe?"

Chamnong akavaa miwani. Akalipeleka dirishani. Kijani kilikuwepo, kingi, kimetanda sanduku zima, na karibu chote kilikuwa ukoga. Alikitazama muda mrefu. Kwenye pembe moja, karibu na ukingo, vilikuwepo vijani vinne au vitano, kila kimoja na umbo la moyo, vidogo kuliko kichwa cha pini. Alimwita mzee, akamshika mkono, akamwekea kidole pale pale kwenye pembe.

"Tazama hapa," alisema. "Hapa tu."